Kabla Hujaitupa Hedifoni Yako ya Waya

Mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea simu yake mpya pamoja na adapta aliyoinunua karibu na stendi ya Kisii kwa shilingi 150. Alikuwa ameunganisha kila kitu jinsi alivyoonyeshwa: adapta kwenye tundu la chaji, spika za masikioni kwenye adapta. Akabonyeza wimbo. Simu ikaimba kwa spika yake ya nje, mbele ya watu wote, kana kwamba hakuna kilichochomekwa. "Mwalimu, hizi spika zimekufa," akaniambia, na tayari alikuwa ameanza kuzikunja azitupe. Nikazichukua, nikazichomeka kwenye redio yangu ndogo ya betri, na sauti ya mtangazaji ikaja safi, masikio yote mawili. Spika zilikuwa nzima. Simu ilikuwa nzima. Hata adapta haikuwa mbovu. Ilikuwa tu ya aina ambayo simu ile haielewani nayo.

Nimekutana na kisa hicho kwa sura nyingi, Kisii mjini, Keroka, Nyamira, na mara nyingi mwisho wake ni mmoja: mtu anatupa kifaa kizuri, au ananunua cha Bluetooth asichokihitaji, kwa kuwa hakuna aliyechukua dakika 5 kumweleza kilichomo ndani ya kile kipande cha waya. Inaniuma. Hedifoni nzuri ya waya haina betri ya kuchoka. Haidai chaji stima ikipotea. Sponji ikichakaa unabadilisha sponji. Waya ukikatika karibu na pini, fundi mwenye mkono mwepesi anaulehemu upya. Ninayoitumia kusikilizia rekodi za kwaya niliikuta kwenye mtumba. Nimeibadilisha sponji mara mbili, na bado inanionyesha soprano aliyepotea kabla mwenyewe hajajijua.

Basi nieleze polepole, nawe usome ukiwa na simu yako mkononi.

Muziki ulio ndani ya simu si sauti bado. Ni namba. Katika diski za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, kila sekunde moja ya wimbo imeandikwa kwa namba 44,100 kwa kila sikio, na simu yako inafanya kazi kwa mtindo huohuo. Sikio halisomi namba. Linangoja hewa itikisike. Lazima pawe na mahali ambapo namba zinageuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka kama wimbi, umeme huo usukume utando mdogo ulio ndani ya hedifoni, na utando utikise hewa. Kifaa kinachofanya ugeuzi huo mafundi hukiita DAC. Mimi nitakiita kigeuzi.

Zamani kigeuzi kilikaa ndani ya simu, nyuma ya lile tundu la duara la milimita 3.5. Tundu hilo lina ukoo mrefu. Lilitokana na pini nene ya milimita 6.35 ambayo wahudumu wa mitambo ya simu katika karne ya 19 waliichomeka na kuichomoa kwa mkono ili kuunganisha wanaozungumza. Redio za transista zikaleta ndogo yake, na Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ikaieneza mifukoni duniani kote. Septemba 2016 Apple wakatangaza iPhone 7 bila tundu hilo. Samsung wakaliondoa kwenye Galaxy Note10 mwaka 2019, na simu nyingi za bei ya juu zikafuata mkondo. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu bado zinalo. Kama yako inalo, chomeka hedifoni yako usikilize, kisha uruke mpaka ninapofika kwenye runinga.

Tundu lilipoondolewa, kazi ya kigeuzi ilibaki palepale, na hapo ndipo adapta zilipogawanyika njia mbili. Kuna ile ninayoiita bubu. Ndani yake mna nyaya tu. Inategemea simu ifanye ugeuzi humo ndani na kulipitisha wimbi kwenye tundu la USB-C, lile ambalo wauzaji wetu huliita Taipu C, na ni simu chache zilizotengenezwa kufanya hivyo; baadhi ya Huawei na Xiaomi za miaka iliyopita zilikuwa hivyo. Halafu kuna ya chipu. Hii imebeba kigeuzi chenyewe ndani ya ile plastiki ndogo: simu inatoa namba, chipu inazigeuza. Samsung za siku hizi zisizo na tundu, Google Pixel, na iPhone kuanzia ile ya 15 iliyotoka mwaka 2023, zote zinataka ya chipu. Ukichomeka bubu humo, simu haioni kitu. Ndicho kilichompata yule mwanafunzi.

Kwa macho, adapta hizi mbili zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Rangi moja, urefu mmoja, na mara nyingine hata pakiti moja. Muuzaji atakuambia, "Hii ni orijino, mwalimu," na huenda anasema kwa moyo safi, maana naye hakuambiwa na aliyemuuzia. Usibishane naye. Mwombe aichomeke kwenye laptopu. Adapta yenye chipu ikiingia kwenye laptopu, laptopu inatambua kuwa kifaa kipya cha sauti kimefika, na ukifungua mpangilio wa sauti utakiona kimeorodheshwa kando ya spika zake za kawaida. Bubu ikiingia, laptopu inakaa kimya. Jaribio hilo halichukui hata nusu dakika, na tangu nilijue sijapoteza shilingi yangu kwa adapta isiyofaa.

Kama hakuna laptopu, tumia simu yako mwenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni. Si simu ya muuzaji, yako. Cheza wimbo unaoujua. Sikiliza kushoto, sikiliza kulia. Kisha fungua kinasa sauti na uzungumze kwa maikrofoni iliyo kwenye waya wa spika za masikioni, maana zipo adapta zinazopitisha muziki lakini maikrofoni haziijui, na utakuja kuligundua hilo ukiwa katikati ya mahojiano ya kazi. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, hasa za kusikiliza mazungumzo na kuyaandika, nawasihi wasiruke hatua hii.

Wenye Oppo na Vivo wana jambo lao. Simu hizo nyingi haziwashi tundu la USB kwa vifaa vya nje mpaka uingie kwenye mipangilio na kuwasha kitu kiitwacho OTG, na lisipotumika kwa dakika 10 hivi linajizima lenyewe. Mtu anasikiliza mahubiri, anasimama kuzungumza na mgeni, akirudi hedifoni imenyamaza. Anarudisha adapta dukani kwa hasira, naye muuzaji anaijaribu kwenye simu nyingine inafanya kazi, na ugomvi unaanza ambao hauna mkosaji. Washa OTG kwanza.

Kwa wenye iPhone za zamani, kuanzia ile ya 7 hadi ya 14, tundu ni la Lightning, na huko bandia ni nyingi. Zipo adapta na spika za waya ambazo ukizichomeka zinakuomba uwashe Bluetooth. Fikiria: waya umeingia, lakini sauti inapita hewani, na waya unatumika kunyonya umeme wa simu tu. Ukiombwa kuwasha Bluetooth na kitu chenye waya, kichomoe ukirudishe.

Adapta ya Apple ya USB-C, ile iliyotoka mwaka 2018 na inayouzwa Marekani kwa dola 9, ni kifaa kizuri kupita bei yake, na wapenzi wa sauti safi duniani huisifia. Ila ukiitia kwenye simu nyingi za Android, sauti hutoka ndogo hata ukipandisha hadi mwisho, kwa kuwa simu haipandishi kiwango cha sauti kilicho ndani ya adapta yenyewe. Ipo programu inayoweza kuzungumza na adapta moja kwa moja na kurekebisha hilo, lakini kwa mtu anayetaka kusikiliza tu bila kuhangaika, ni heri anunue ya chipu iliyokusudiwa Android.

Na hizo namba kubwa zilizochapishwa kwenye pakiti, biti 32, kilohezi 384, zisikufumbe macho. Sikio la kijana mwenye afya linasikia hadi kilohezi 20 hivi, na kadiri umri unavyosonga kiwango hicho kinashuka. Kigeuzi cha biti 24 na kilohezi 48 kinaweza kubeba sauti hadi kilohezi 24, yaani juu ya alichojaliwa binadamu. Isitoshe, wimbo unaousikiliza kutoka YouTube umeshabanwa kabla haujafika kwenye simu yako. Mwenye kukuuzia namba kubwa kwa elfu kadhaa zaidi hakuongezei kitu masikioni.

Kinachotofautisha adapta nzuri na mbaya ni kimya chake. Mimi huzipima kwa obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi 8, kwa kuwa sauti yake ni nzito na kati ya pigo na pigo huacha nafasi. Tafuta rekodi ambamo mzee anapiga peke yake, bila ngoma. Weka sauti nusu. Uzi mnene ukipigwa, unapaswa kuusikia ukikoroma na kufifia polepole, na nyuma yake pawe pamenyamaza kabisa. Adapta duni itakupa "shhh" isiyokwisha chini ya muziki, kama mtu anayemwaga mchanga chumba cha pili, au vijikelele vya tik-tik kila simu inapotafuta mtandao. Kwenye benga ya Monyoncho, pale gitaa na ngoma vimejaa, hutavisikia vijikelele hivyo. Kwenye obokano vinakuwa wazi.

Kwa wanaorekodi, waya si suala la kupenda. Ukanda wetu una kwaya nyingi za Waadventista, kuanzia Nyanchwa hadi makanisa madogo ya vijijini, na Sabato kwa Sabato naona vijana wakirekodi au kurusha ibada moja kwa moja huku wamevaa spika za Bluetooth. Sauti ya Bluetooth hukawia. Namba lazima zibanwe, zirushwe, zipokelewe, zifunguliwe, na hapo sehemu ya sekunde imepotea, ya kutosha kwa mdomo wa mwimbaji kufungwa kabla neno halijafika sikioni mwako. Ukitazama filamu, simu inaweza kuichelewesha picha ili ilingane. Kwaya iliyo mbele yako haiwezi kucheleweshwa. Mtu anayeimba huku akijisikiliza kwa Bluetooth huburuta wimbo bila kujua, na wenzake wanamfuata. Chukua adapta ya chipu, chomeka hedifoni ya waya, na tatizo linaisha siku hiyohiyo.

Hapohapo kanisani nataka nimwokolee mtu pesa. Kinanda na mikisa vina tundu nene la milimita 6.35. Kutoka hapo tayari linatoka wimbi, si namba. Huhitaji kigeuzi chochote, unahitaji kipande cha chuma tu cha kuifanya pini yako nyembamba iwe nene, na kinauzwa kwa bei ya soda. Na kabla ya kununua chochote, angalia pini yenyewe: hesabu vile vimkanda vyeusi vinavyoizunguka. Vikiwa viwili, ni hedifoni ya kusikiliza tu. Vikiwa vitatu, ina maikrofoni, na ukiichomeka kwenye mtambo wa zamani unaweza kusikia sauti ya ajabu, kama mwimbaji ameingia kisimani. Ivute nje kidogo tu, milimita moja, sauti inarudi.

Hedifoni kubwa za studio ni habari nyingine. Angalia kama zimeandikwa omu 250. Za kawaida huwa omu 16 hadi 32 na adapta ndogo inazimudu. Zile za 250 zitaimba kwa unyonge, si kwa ubovu, bali kwa kukosa nguvu, na zinahitaji adapta yenye kikuza sauti ndani yake.

Sasa jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja. Watu wengi hapa husikiliza Egesa FM kwenye simu, si kwa intaneti bali kwa redio iliyo ndani ya simu, ambayo haili bando. Redio hiyo inatumia waya wa spika za masikioni kuwa antena yake. Ndiyo maana ukiifungua bila waya inakuambia uchomeke. Ukihamia simu isiyo na tundu na ukatumia adapta ya chipu, waya wako unapokea muziki, lakini kwa kawaida haufiki tena kwenye redio ya simu kama antena, na simu nyingi za namna hiyo hazina hata programu ya FM. Hakuna adapta itakayolirudisha hilo. Kwa hiyo kabla hujambadilishia mzazi wako simu, ukimpelekea ya kisasa kijijini kwa mapenzi, muulize anasikilizaje redio. Kuna wazee ambao simu yenye tundu ndiyo redio yao, na kuwapa nyingine ni kuwanyamazishia taarifa za mazishi, za mvua na za bei ya majani chai. Ama mwachie simu ya zamani kando ya mpya, ama mnunulie redio ndogo ya betri. Iwapo mpo bondeni, ambako mawimbi ya FM hayashuki vizuri kwa sababu ya vilima, redio yenye antena ndefu ya kuvuta ndiyo bora.

Nije kwa runinga, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mama yangu anaishi upande wa Kebirigo, Nyamira, na nyumba yake ni ya mabati. Mnaoishi kule mnajua: mvua ya alasiri ikishuka juu ya mashamba ya chai, ndani ya nyumba hamsikilizani. Taarifa ya habari anaipenda, na kwa kuwa masikio yameanza kupungua, alikuwa akipandisha sauti hadi wajukuu wanaosoma chumba cha pili wanaziba masikio kwa vidole. Nilimpelekea hedifoni. Runinga yake, bapa na mpya, haikuwa na tundu la hedifoni popote. Niliizungusha, nikaipapasa nyuma gizani, nikapata tundu dogo la mraba lenye kifuniko, limeandikwa Optical.

Tundu hilo linatoa namba kwa njia ya mwanga. Toshiba ndio walioleta mtindo huo mwaka 1983. Unahitaji kisanduku kidogo cha kigeuzi, ukubwa wa kiberiti kikubwa, ambacho upande mmoja kinapokea mwanga na upande wa pili kina tundu la milimita 3.5. Changu nilikilipia shilingi 1,200 pamoja na kebo. Nilirudi nacho Ijumaa, nikaunganisha, na hakikulia. Nilihangaika nusu saa nzima. Mwishowe nikavuta kebo na kuitazama kwa tochi: kila ncha ilikuwa imevikwa kofia ndogo ya plastiki angavu, ya kukinga vumbi, na sikuwa nimezivua. Nilipozivua, nukta nyekundu ya mwanga ikaonekana ikimetameta mwishoni mwa kebo. Zivue zako kabla ya kulaumu kitu.

Bado haikutoa sauti, ila mkwaruzo, kama redio iliyo nje ya stesheni. Runinga ilikuwa inatoa sauti iliyobanwa kwa mtindo wa sinema, ambao kisanduku cha bei nafuu hakiuelewi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka nje, uchague PCM. Hapo ndipo mtangazaji alipoanza kuzungumza ndani ya masikio ya Mama, naye akashika meza kwa mikono miwili na kuniambia, "Mbuya mono," yaani vizuri sana, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

Kisanduku kinalishwa umeme wa volti 5 kutoka tundu la USB la runinga yenyewe, kwa hiyo huhitaji soketi nyingine. Lakini sikiliza hili kabla hujanunua: kwenye runinga nyingi sauti inayotoka kwa mwanga haipandi wala haishuki kwa rimoti. Inatoka kwa kiwango kimoja. Nunua kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha sauti juu yake, la sivyo mzee wako atabaki na sauti moja tu, kubwa mno au ndogo mno. Na runinga nyingine zikitoa sauti kwa njia hiyo zinanyamazisha spika zake. Kwa Mama hilo lilikuwa baraka kwa wajukuu. Kwa familia inayotazama pamoja litaleta lawama, kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio kama njia zote mbili zinaweza kuwashwa.

Ipo pia njia isiyo na kigeuzi. Tangu matangazo ya analogi yazimwe nchini mwaka 2015, nyumba nyingi zina king'amuzi, na nyuma ya ving'amuzi vingi kuna matundu ya rangi: nyekundu, nyeupe, njano. Nyekundu na nyeupe zinatoa wimbi la sauti tayari. Waya wa shilingi mia mbili hivi, wenye pini hizo mbili upande mmoja na tundu la milimita 3.5 upande wa pili, unatosha, na hapo rimoti ya king'amuzi inapandisha na kushusha sauti. Haitakuwa na nguvu nyingi, lakini kwa sebule tulivu inafaa. Ving'amuzi vingine badala ya rangi vina tundu moja la duara linalofanana kabisa na la hedifoni. Usichomeke hedifoni humo moja kwa moja. Tundu hilo limebeba na picha pia, na utakachokisikia ni mngurumo wa picha.

Nilipokuwa nikiondoka nilimwachia Mama masharti mawili. La kwanza ni radi. Milima yetu ni kati ya sehemu za Kenya zenye radi nyingi, na mtu aliyevaa hedifoni ya waya iliyounganishwa na runinga, iliyounganishwa na stima na antena ya juu ya paa, amejifunga kwenye njia moja na umeme. Mawingu yakianza kunguruma, vua hedifoni, chomoa runinga ukutani, chomoa na antena. Hali ni hiyohiyo kwa simu iliyo kwenye chaja, radi au pasipo radi: chaja duni ya barabarani inaweza kuvujisha umeme wa ukutani hadi kwenye waya ulio sikioni. Simu iliyochomolewa, inayotumia betri yake, haina njia hiyo. Zile adapta za matawi mawili, za kuchaji na kusikiliza kwa pamoja, mimi sizitumii.

La pili ni kiwango cha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80; sauti ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Kinachotupandisha huko si ukaidi, ni kelele za nje: mvua juu ya mabati, au matatu ya Kisii kwenda Nyamira yenye muziki wake. Mtu anapandisha ili ashinde kelele, kelele ikikoma sauti inabaki juu. Dawa ni kuziba kelele isiingie. Kwa spika za masikioni, chagua vijimpira vinavyojaa tundu la sikio sawasawa, jaribu saizi zote zilizomo kwenye pakiti. Kwa hedifoni kubwa, chagua zile zinazofunika sikio lote. Na mwendesha bodaboda, nakuomba kama ndugu, usivae hata moja ukiwa barabarani.

Adapta yenyewe itunze shingoni, pale waya unapoingia kwenye plastiki, kwani hapo ndipo zinapokatikia. Iache ikae kwenye pini ya hedifoni, usiiache ikining'inia kwenye simu mfukoni ukiwa juu ya pikipiki. Kila kishimo kinaipinda, na kinalegeza na tundu la chaji la simu, ambalo kulibadilisha ni ghali kuliko adapta 10. Isitoshe, ya chipu ikibaki imechomekwa inaendelea kula betri hata kama husikilizi. Ikianza kukatakata, kabla ya kuilaumu, tazama ndani ya tundu la simu kwa tochi: mara nyingi utakuta nyuzi za mfukoni zimeshindiliwa humo, na kijiti cha meno cha mbao kinatosha kuzitoa, simu ikiwa imezimwa.

Wiki mbili baadaye Mama alinipigia. Jirani yake, mama mtu mzima kama yeye, alikuwa ameanza kuja saa tatu usiku, na wamekuwa wakiazimana hedifoni, mmoja anasikiliza kisha anamsimulia mwenzake. Nilimpelekea kigawanyo, kile kiwaya chenye pini moja na matundu mawili. Kwa kuwa kigeuzi kimeshafanya kazi yake, kilichobaki ni wimbi tu, na wimbi linagawika kwa kiwaya cha kawaida. Kitufe cha sauti kinapandishwa kidogo, basi. Nilipofika tena waliketi wakitazama mbele, kila mmoja na yake kichwani, mvua inapiga juu, chumba cha pili wajukuu wanasoma. Jirani akavua upande mmoja na kuniuliza kama ninaweza kumtafutia waya wa kuongezea urefu, kwa sababu yeye hupenda kiti cha dirishani na huu wa sasa unaishia mezani.